UZI: Umepungua kilo nyingi, ngozi imelegea. Usiendelee kukonda, jenga misuli

Kocha_wa_Igoma (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa waliopungua kilo 20, 30, hadi 50 kwa chakula na mazoezi. Mzani sasa unasoma vizuri, lakini tumbo la chini linaning'inia, mikono ikiinuliwa nyama inatikisika, mapaja yanasuguana kwa ndani. Kosa moja linarudiwa mno kwenye gym zetu hapa Mwanza: mtu anaona ngozi, anadhani ni mafuta, anakata ugali tena na kuongeza kukimbia. Misuli inaisha, ngozi inakosa cha kukalia, kesho yake inaning'inia zaidi. Hapo naye anakata chakula mara ya tatu.

Kwa hiyo jua kwanza unachokishika. Simama wima, legeza tumbo. Kwa kidole gumba na cha shahada, shika mkunjo sentimita 3 pembeni ya kitovu, uvute taratibu kutoka mwilini. Mwenzako aweke rula ya shule, apime unene wa kile kilichopo katikati ya vidole. Kikiwa chini ya sentimita 1, ni laini, na juu yake kuna mikunjo midogo kama karatasi iliyofinyangwa ikanyooshwa tena, hiyo ni ngozi. Kikifika sentimita 2 na kuendelea, na ndani unahisi kama punje punje, mafuta bado yapo. Rudia nyuma ya mkono, ndani ya paja na chini ya kitovu, maana sehemu hazilingani. Wengi hukuta ngozi tupu mkononi na mafuta bado tumboni.

Kipimo cha pili: lala chali. Tumbo likimwagika pembeni na katikati kubaki bapa, ni ngozi na mafuta ya juu juu. Likibaki limetuna kama mgongo wa kobe, tatizo liko ndani: mafuta yanayozunguka utumbo, gesi, au ukuta wa tumbo wenyewe umeachana. Hilo la kuachana wataalamu watalieleza vizuri huko chini.

Sasa kwa nini ngozi hairudi. Ndani yake kuna kolajeni, ambayo ndiyo uimara, na elastini, ambayo ndiyo kurudi baada ya kuvutwa. Kolajeni mwili huitengeneza maisha yote, ingawa umri ukienda kasi inapungua. Elastini hutengenezwa zaidi tukiwa tumboni mwa mama na utotoni. Mtu mzima hatengenezi mpya ya maana. Fikiria lastiki ya sketi iliyovutwa miaka kumi. Ukiivua haikatiki, ila hairudi ilivyokuwa. Ndiyo maana muda uliokaa na unene una uzito kuliko watu wanavyodhani: aliyenenepa miaka 2 na aliyenenepa miaka 15, hata wakipungua kilo sawa, ngozi zao hazitafanana. Ongeza umri, mimba, sigara, jua na urithi wa ukoo.

Ukweli wa kuusikia mapema: misuli inajaza mikono, kifua, mabega, makalio na mapaja. Haijazi ile "aproni", mkunjo wa ngozi unaoning'inia chini ya kitovu. Msuli wa tumbo ni mwembamba na umelala bapa, hauwezi kutuna ukabeba ngozi iliyokunjika. Sitapapu (kulala chali na kuinua kiwiliwili) 500 kwa siku hazigusi hilo, na wala hazichomi mafuta ya tumbo peke yake.

Muda: mabadiliko ya ngozi yanaonekana zaidi miezi 6 ya mwanzo baada ya uzito kutulia, kisha yanaendelea polepole hadi mwaka 1 au 2. Usihukumu ngozi yako mwezi wa pili.

---

Wa_Nansio

Uzi mzuri sana mkuu. Huku Ukerewe gym hakuna, kuna madumu, mchanga na mawe. Mtu aliyeshuka kutoka 118 hadi 80 aanze na nini, na afanye mara ngapi?

---

Kocha_wa_Igoma

Madumu yanatosha kabisa, tena yana faida moja kubwa: lita 1 ya maji ni kilo 1, huhitaji mzani. Dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20 na kidogo za plastiki yake. Mchanga mkavu ni mzito zaidi, lita 1 inakaribia kilo 1.6, kwa hiyo kidumu cha lita 5 kikijaa mchanga kinafika kilo 8 hivi.

Onyo kabla hujaanza: usinyanyue dumu lililojaa nusu. Maji yanayumba ndani, yanakuvuta upande mmoja katikati ya zoezi, na kiuno ndicho kinacholipa. Jaza mpaka shingoni au tumia mchanga. Mshikio wa plastiki unakata viganja, uviringishe kitambaa.

Siku 3 kwa wiki zinatosha: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Kila zoezi seti 3, yaani raundi 3 za marudio, pumzika dakika 2 kati ya seti. Simama pale unapohisi umebakiza marudio 2 kabla ya kushindwa kabisa. Ukiweka dumu chini huku ungeweza kufanya 10 mengine, hiyo seti haikujenga kitu.

Skwati: kumbatia dumu kifuani, shuka mpaka mapaja yalale sawa na sakafu, visigino visiinuke. Marudio 8 hadi 12. Visigino vikiinuka, panua miguu kidogo na ugeuze vidole nje.

Kuinama kwa nyonga: dumu moja kila mkono, magoti yamelegea kidogo, sukuma makalio nyuma kama unafunga mlango kwa makalio mikono ikiwa na mizigo. Mgongo unyooke. Shuka mpaka madumu yapite magoti, rudi kwa kubana makalio. Marudio 8 hadi 10. Hili ndilo zoezi linalojaza nyuma ya paja na chini ya kalio, pale ambapo ngozi hujikunja mstari mmoja.

Kuinua nyonga: mabega yaegemee benchi au kitanda kilicho imara, kiroba cha mchanga juu ya nyonga, inua mpaka mwili unyooke kutoka bega hadi goti, shikilia kwa kuhesabu mbili. Marudio 10 hadi 15.

Pushapu: anza ukutani, ukifikisha 15 safi hamia ukingo wa meza imara, kisha sakafuni.

Kuvuta: inama, mkono mmoja kwenye jiwe, mwingine uvute dumu la lita 10 mpaka ubavuni. Marudio 10 kila upande. Usizungushe kiwiliwili ili kusaidia mkono.

Mkono wa nyuma: hapa watu wanapotea. Wanakunja mikono kwenda mbele, wakati zaidi ya nusu ya nyama ya mkono wa juu ni trisepsi, ile ya nyuma, ambako ndiko ngozi inaning'inia. Shika kidumu cha lita 3 au 5 kwa mikono miwili, kiinue juu ya kichwa, kishushe nyuma ya kisogo kwa kuhesabu tatu, kinyanyue. Viwiko vielekee mbele, visipanuke. Marudio 10 hadi 15.

Kuongeza: ukifikisha marudio ya juu kwenye seti zote, siku mbili za mazoezi zinazofuatana, ongeza lita 1 hadi 2. Andika kwenye daftari. Bila daftari utabeba lita 10 zilezile mpaka mwaka uishe.

---

Mdau_Buhongwa

Mbona wengi wanasema kukimbia ndiko kunakaza mwili? Pale Capri Point asubuhi watu wanakimbia kila siku.

---

Kocha_wa_Igoma

Kukimbia kunasaidia moyo na mapafu, sikatai. Kutembea haraka jumla ya dakika 150 kwa wiki ni lengo zuri kwa yeyote. Ila kukimbia hakumpi msuli sababu ya kuongezeka. Na anayekimbia kilomita 10 kila siku huku anakula mlo mmoja, mwili unakula misuli yake wenyewe. Ukitaka kutumia mandhari yetu, panda vilima. Zile ngazi za mawe za kupandia nyumba za juu Mabatini au Igogo ni zoezi la makalio na mapaja la uhakika. Panda kwa nguvu, shuka polepole kwa sababu kushuka ndiko kunakoumiza magoti yasiyozoea.

---

Lishe_Mwaloni

Nichangie upande wa sahani, kwa sababu mazoezi yote hayo bila protini ni kujenga nyumba bila matofali.

Lengo: gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 75 anahitaji gramu 120. Watu wakisikia 120 wanaogopa, wanafikiria makopo ya unga wa gym. Tazama siku moja ya chakula cha hapa hapa:

Mayai 3 asubuhi ni gramu 18. Mtindi nusu lita, 16. Mnofu wa sato aliyepikwa gramu 150, karibu 39. Dagaa wakavu gramu 40, hapo ni zaidi ya nusu ya uzito wao protini, weka 22. Kikombe cha maharage yaliyoiva, 15. Karanga kiganja kimoja, 7. Umefika 117, na ugali wenyewe unaongeza kidogo. Anayekaa kanda ya ziwa hana haja ya kukopa kununua kopo.

Gawanya: gramu 30 hadi 40 kila mlo. Kula chai na andazi asubuhi, ugali na mboga za majani mchana, halafu kumaliza samaki mzima usiku, ni kupoteza nafasi mbili kati ya tatu za kujenga.

Dagaa: chagua waliokaushwa kwenye chanja. Wanaoanikwa chini wana mchanga, mtu anaosha mara tano mpaka vichwa na nusu ya nyama vinakwenda na maji, kisha anasema dagaa hawana kitu. Chemsha au kaanga kwa kijiko kimoja cha mafuta, usiwadumbukize kwenye karai. Kayabo, yaani samaki wa kukaushwa kwa chumvi, nayo ina protini tele lakini chumvi yake ni nyingi. Iloweke usiku kucha, mwaga maji, loweka tena. Mwenye presha aiache. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate namba zangu, aongee na daktari wake kwanza.

Vitamini C ni ya lazima, kwa sababu bila hiyo mwili haufungi nyuzi za kolajeni zikashikana. Mahitaji ya mtu mzima ni miligramu 75 hadi 90 kwa siku. Pera moja la wastani linamaliza kazi, kwani gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200. Msimu wa mapera ukiisha, machungwa 2 yanatosha. Vidonge vya miligramu 1,000 havikazi ngozi zaidi. Ziada inatoka na mkojo.

Na kama bado unapungua: nusu kilo hadi kilo 1 kwa wiki, isizidi. Punguza kalori 300 hadi 500 tu kwa siku. Anayeshuka kilo 10 kwa mwezi kwa juisi au kwa sindano za kukata njaa bila protini wala kunyanyua uzito, sehemu kubwa ya kilichopotea ni misuli. Nywele nazo huanza kukatika miezi 3 hivi baadaye, watu wakadhani wamerogwa. Kama umefika uzito wako, acha kupunguza. Rudisha chakula mpaka uzito utulie.

---

Mpenda_Supu

Na supu ya mabondo ya sangara? Wanasema ni kolajeni tupu ndiyo maana Wachina wanayanunua kwa bei kubwa.

---

Lishe_Mwaloni

Swali zuri. Bondo, ule mfuko wa hewa wa ndani ya samaki, ni kweli karibu lote ni kolajeni, ile supu ikipoa inaganda kwa sababu hiyo. Lakini kolajeni ukiila haisafiri ikiwa nzima kwenda kukaa kwenye ngozi ya tumbo. Tumbo linaimeng'enya kuwa vipande vidogo, kama nyama nyingine. Tena kolajeni haina triptofani, moja ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza, kwa hiyo usiihesabu kama protini kamili. Mayai na samaki wenyewe wanaizidi mbali.

Unga wa kolajeni wa madukani, gramu 2.5 hadi 10 kwa siku, kuna majaribio yaliyoonyesha ngozi kuvutika vizuri kidogo, mengi yakiwa yamelipiwa na wanaouza. Na mengi yalipima ngozi ya uso na ya mkono, siyo ngozi iliyoachwa na kilo 40. Hela hiyo nunua sato.

---

Mdau_Buhongwa

Nimeelewa. Je, kujifunga nailoni tumboni na ile mikanda ya jasho? Na scrub ya ndimu na kahawa?

---

Nesi_wa_Zamu

Hapo naomba niingie, maana madhara yake yanatufikia.

Nailoni na mkanda wa jasho vinatoa maji. Ukinywa maji sentimita zinarudi. Chini yake ngozi inaloa, inachubuka, fangasi wanapata makazi. Kufunga tumbo kwa kanga nako kunashikilia tumbo na kutuliza mgongo, lakini hakufupishi ngozi hata sentimita moja.

Ndimu ni hatari zaidi. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi ukatoka juani, yanaunguza. Unatokea wekundu, malengelenge, kisha baka jeusi linalokaa miezi. Na jua letu si la mchezo: Mwanza tuko nyuzi 2.5 hivi kusini mwa ikweta, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Jua hilo hilo linavunja kolajeni. Rangi yetu inatukinga kwa sehemu tu. Mikono na shingo vinavyokaa wazi sokoni au kwenye boti, funika kwa nguo ya mikono mirefu, au paka losheni ya kukinga jua ya SPF 30 kila baada ya saa 2.

Lakini adui mkubwa wa ngozi iliyolegea hapa kwetu ni mkorogo. Krimu nyingi za kung'arisha zina steroidi kali, nyingine hidrokwinoni au zebaki, vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi nchini. Steroidi inazuia kolajeni kutengenezwa. Ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, michirizi inapanuka, na ukikatwa kidonda hakifungi vizuri. Mtu anapiga skwati mwaka mzima, kila usiku anapaka kinachobomoa. Ukiacha, usiache ghafla kama umetumia kwa miaka. Nenda kliniki ya ngozi wakupangie namna ya kushusha.

Mikunjo sasa. Chini ya tumbo, chini ya matiti, kwenye kinena: osha mara 2 kwa siku kwa sabuni isiyo kali, futa kwa kugandamiza kitambaa, usisugue. Inua mkunjo kwa mkono mmoja, acha pakauke dakika 5 kabla ya kuvaa. Weka kitambaa laini cha pamba katikati ya ngozi na ngozi, ukibadilishe kikiloa. Kabla ya kutembea mbali, paka krimu ya zinki oksidi au mafuta ya mgando kidogo mapajani. Unga wa mahindi au muhogo usipake, unaganda na jasho.

Fangasi akianza utaona wekundu wenye ukingo, vipele vidogo vimeuzunguka, kuwasha, harufu. Kwenye ngozi yetu wekundu huo mara nyingi unaonekana kama weusi uliokolea au zambarau. Paka krimu ya klotrimazoli asilimia 1, mara 2 kwa siku, wiki 2 hadi 4, usiache siku ya tatu kwa sababu muwasho umepoa. Ukienda duka la dawa, kataa ile tyubu yenye mchanganyiko wa dawa tatu: ya fangasi, ya bakteria na steroidi. Inatuliza haraka, ndiyo maana inapendwa, lakini ndani ya mkunjo steroidi inanyonywa sana na inaacha michirizi. Fangasi akirudi rudi, pima sukari. Ngozi ikiwa ya moto, inauma, uvimbe unasambaa na una homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

---

Fundi_Mabatini

Kwa upande wa nguo: kaptura ya kuvaa chini ya sketi au suruali, chagua pamba yenye mvutiko, siyo poliesta tupu. Kipimo ni mzunguko wa paja ukiwa umesimama, toa sentimita 2 tu. Ukitoa 6 itakunja ngozi juu ya pindo na kukata. Mwambie fundi ageuze mishono ya ndani ya paja ije nje, au aiondoe kabisa kwa kuweka kiraka chenye umbo la almasi katikati ya miguu. Mshono ukikaa pale mapaja yanapokutana, kilomita moja tu inatosha kuchuna.

---

Nesi_wa_Zamu

Asante fundi, hicho kiraka ni muhimu kweli. Niongeze: nguo za kubana zinasaidia ngozi isidundedunde ukikimbia. Hazikazi. Ukianza kupata kiungulia, au ganzi na kuungua upande wa nje wa paja, imebana mno, vua.

---

Binti_Nyegezi

Naomba kuuliza kuhusu kuogelea. Wengi hushauri maji kwa mwenye ngozi iliyolegea kwa kuwa haivutwi. Ziwa si liko hapo?

---

Nesi_wa_Zamu

Dada, kuogelea ni zoezi zuri na kweli maji yanabeba ngozi. Ila kingo za ziwa zenye majani na konokono ndizo zenye kichocho. Vijidudu vinapita kwenye ngozi nzima, havihitaji kidonda. Bwawa lenye maji yaliyotibiwa ni salama zaidi. Kama umeshazoea ziwa, pima kinyesi na mkojo. Dawa ni prazikwanteli, kipimo kinategemea uzito wako wa sasa, siyo ule wa zamani ulioandikwa kwenye kadi.

---

Dkt_wa_Kilimani

Nimefuatilia uzi, mmeeleza vizuri. Niguse mambo mawili yaliyobaki.

La kwanza, ukuta wa tumbo. Lala chali, kunja magoti, weka vidole juu kidogo ya kitovu vikielekea miguuni, inua kichwa tu. Vidole vikizama kwenye bonde la upana unaozidi sentimita 2, yaani vidole viwili na zaidi, misuli imeachana. Ni kawaida kwa waliozaa na kwa waliokuwa na kitambi kikubwa. Hawa wakipiga sitapapu, katikati ya tumbo panainuka kama paa la nyumba. Hiyo ni ishara ya kuacha. Wafanye hivi: kulala chali, mikono na magoti juu, toa pumzi yote huku tumbo likivutwa ndani, nyoosha mkono mmoja na mguu wa upande wa pili mpaka karibu na sakafu, rudisha. Marudio 6 hadi 8 kila upande, seti 3, mgongo usinyanyuke. Ikiwa kuna kivimbe kinachotokeza ukikohoa na kurudi ndani ukilala, hiyo inaweza kuwa ngiri, yaani utumbo au mafuta ya ndani kutokeza kwenye ukuta wa tumbo. Usibebe dumu mpaka uonwe na daktari. Kivimbe kisiporudi ndani na kinauma, hiyo ni dharura.

La pili, upasuaji. Aproni kubwa inayofunika kinena, yenye fangasi wasiokoma na vidonda, haitaondoka kwa zoezi wala krimu. Hilo si kosa la mgonjwa na si uvivu. Kuna upasuaji wa kukata aproni peke yake, na upo unaokata ngozi na kushona misuli iliyoachana. Ni vitu viwili tofauti, uliza unapewa upi. Masharti ya kawaida: uzito umetulia angalau miezi 6, usipande wala kushuka zaidi ya kilo 2 au 3, sigara imeachwa angalau wiki 4 kabla na baada, kwa kuwa nikotini inabana mishipa na kingo za kidonda zinakufa, damu, sukari na protini ya damu viko sawa, na mwanamke awe amemaliza kuzaa, maana mimba itafungua tena kilichoshonwa.

Hatari zake: majimaji kujikusanya chini ya ngozi, kidonda kufunguka, damu kuganda mguuni na kupanda kwenye mapafu. Kwa watu wetu ongeza kovu la kuvimba, keloidi. Kama kovu la chanjo begani au tundu la hereni lilivimba likazidi mipaka yake, mwambie daktari kabla hajashika kisu. Kovu lenyewe si fupi. La tumbo linatoka nyonga hadi nyonga, la mkono linatoka kwapani mpaka karibu na kiwiko, na mkononi huwezi kulificha na nguo ya mikono mifupi.

Anzia kituo cha karibu upate rufaa. Hospitali ya rufaa ya kanda yetu ni Bugando. Beba rekodi ya uzito wa miezi 6 na picha za vidonda vya kwenye mkunjo, hizo ndizo zinazotenganisha hitaji la tiba na urembo, hata ukienda kuongea na bima.

---

Binti_Nyegezi

Asante daktari. Mama wa miaka 58 aliyeshuka kutoka 112 hadi 76, ana presha inayodhibitiwa na dawa. Anaweza kufanya haya ya madumu?

---

Kocha_wa_Igoma

Anaweza, na kwake msuli ni muhimu kuliko hata ngozi, kwa ajili ya mifupa na kutoanguka. Shikamoo zake. Daktari wake akubali kwanza. Kwa kuwa amepungua kilo 36, dozi ya presha huenda sasa imezidi. Akisimama na kuona kizunguzungu, hiyo ndiyo dalili, akapimwe.

Aanze kukaa na kusimama kwenye kiti bila kushika, 8 mara 3. Pushapu za ukutani, 8 mara 3. Kuinua nyonga akiwa amelala kitandani, 10 mara 3. Siku 2 kwa wiki. Wiki ya nne akumbatie kidumu cha lita 3 anaposimama kutoka kitini. Asibane pumzi wakati wa kunyanyua, presha inapanda ghafla. Atoe pumzi anaponyanyuka. Mkononi ataona tofauti baada ya miezi 4 hadi 6. Tumboni asiahidiwe kitu.

---

Wa_Nansio

Mkuu swali la mwisho. Madumu ya lita 20 yakishakuwa mepesi kwenye kuinama kwa nyonga, na la tatu haliwezi kushikika, inakuwaje?

---

Kocha_wa_Igoma

Kabla ya kuongeza uzito, punguza kasi: shuka kwa kuhesabu nne, simama moja chini, panda. Kilo 40 hizo zitabadilika tabia. Hilo likizoeleka, hamia mguu mmoja: dumu moja mkono wa kushoto, umesimama kwa mguu wa kulia, mguu wa kushoto unanyooka nyuma, mkono wa kulia unagusa ukuta ili usiyumbe. Marudio 8 kila upande.

Kwa kuvuta na trisepsi tumia tyubu ya baiskeli. Kata kipande chenye valvu, sentimita 10 kila upande, tupa, maana hapo ndipo inapochanikia. Osha ule unga wa ndani. Ivute mbele ya mwanga. Ukiona nyufa, hata ndogo kama unywele, usiitumie. Ifunge kwenye mti au nguzo ya duara, siyo kwenye chuma chenye ukingo, na usimame pembeni ya mstari wake ili ikikatika isikupige usoni. Tyubu moja ikiwa laini, kunja mara mbili.

Ukitaka kujaribu mchanga, ujaze ukiwa mkavu. Wa ufukweni ukiwa na maji unakuwa mzito zaidi leo na mwepesi wiki ijayo ukikauka, na daftari lako halitakuwa na maana.